Altezza RS200 ya kuendeshea uwanjani: breki zinalegea na injini inachemsha. Nianze na nini nikiwa Dodoma?

Kijana wa Ipagala

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za kazi.

Ninamiliki Toyota Altezza RS200 ya gia za mkono, ile yenye injini ya 3S-GE ya lita 2.0 na giaboksi ya gia sita. Ninaishi Ipagala hapa Dodoma, na gari hilihili ndilo linalonipeleka kazini Mtumba. Mimi na wenzangu wa Arusha tumepanga kwenda kuendesha katika uwanja wa Whistling Morans, Athi River nchini Kenya, na ninataka gari lifike huko likiwa tayari kukimbia mizunguko mingi mfululizo, kisha linirudishe nyumbani salama.

Tulifanya majaribio kwenye eneo la lami lililofungwa, kwa ruhusa ya mwenye eneo, na mambo matatu yakajitokeza. Kwanza, baada ya mizunguko michache pedali ya breki ililegea ikawa inazama karibu na sakafu, na baada ya gari kupumzika ikarudi kuwa ngumu kiasi. Pili, mshale wa joto ambao siku zote hukaa katikati ulianza kupanda, na nilipozima injini nikasikia maji yakitokota kwenye tangi la akiba. Tatu, kwenye kona moja ndefu ya kushoto taa ya oili ilimulika mara moja ikazima.

Nina shilingi milioni tatu nilizozitenga kwa kazi hii. Fundi mmoja amenishauri nianze na eksozi pana, chujio la hewa la wazi na kubadilisha ramani ya kompyuta ya injini ili gari lipate nguvu zaidi, kwa maelezo kwamba breki na joto ni mambo ya kawaida kwa gari lolote linalokimbizwa. Ninaomba ushauri wa wenye uzoefu: nifuate mpangilio gani?

Fundi wa Nkuhungu

Marahaba kijana wangu. Umefanya vyema kueleza dalili moja moja badala ya kuuliza tu nguvu inaongezwaje, kwa sababu dalili zako mbili za kwanza zinatokana na jambo moja, nalo ni joto ambalo gari lako halina mahali pa kulipeleka. Ukiongeza nguvu leo utakuwa umeongeza joto juu ya joto. Weka eksozi na kompyuta pembeni kabisa kwa sasa.

Nianze na breki, kwa kuwa hizo ndizo zinazoamua kama utarudi nyumbani. Nishati ya mwendo huongezeka kwa mraba wa kasi. Chukua gari la kilo 1,400 pamoja na dereva: ukilisimamisha kutoka kilomita 50 kwa saa, breki hugeuza takribani kilojuli 135 kuwa joto. Gari hilohilo ukilipunguza kutoka kilomita 140 hadi 60 kabla ya kona, breki hupokea takribani kilojuli 860, yaani zaidi ya mara sita, na kabla diski hazijapoa kona nyingine imeshafika. Barabara ya Ipagala kwenda Mtumba haiwezi kukuonyesha tatizo hilo hata ukiendesha mwaka mzima.

Sasa tofautisha mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya. Pedali ikilegea na kuzama, mafuta ya breki yamechemka. Mvuke umeingia kwenye mfumo, na mvuke hubanwa ilhali mafuta hayabanwi, ndiyo maana mguu unakwenda chini bila gari kusimama. Pedali ikibaki ngumu lakini gari likaendelea kuteleza mbele kana kwamba hukukanyaga, hapo ni pedi zilizopita joto lake. Maelezo yako ni ya aina ya kwanza, kwa hiyo ukinunua pedi za bei kubwa ukaacha mafuta yaleyale, tatizo litabaki palepale.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa kupitia mipira na kifuniko cha chupa yake, na kadiri yanavyonyonya ndivyo yanavyochemka mapema. Kwa viwango vya DOT, yaani madaraja ya mafuta ya breki, mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho kinashuka hadi 140. Kwa DOT 4 ni 230 yakiwa mapya na 155 yakiwa yamenyonya. Kwa DOT 5.1 ni 260 na 180. Yapo pia mafuta ya mashindano ya aina ya DOT 4 yanayovuka nyuzi 300 yakiwa mapya. Jihadhari na DOT 5 isiyo na “.1”, kwa kuwa hiyo ni ya silikoni, haichanganyiki na hizi nyingine, na haifai kwa gari lako lenye ABS, ule mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge.

Nunua kopo jipya ambalo lakiri yake haijaguswa. Lile lililofunguliwa na kukaa kwenye rafu ya gereji, hata likiwa limebaki nusu, usilipokee, kwa sababu limeshakunywa unyevu. Wakati wa kutoa upepo, simamia mwenyewe. Fungeni mpira unaoonyesha ndani kwenye nipo (kitundu cha kutolea upepo) ya kalipa, ile inayobana pedi, mwenzako akanyage pedali taratibu, nawe utaona mafuta ya zamani yakitoka na rangi ya chai ya rangi. Endeleeni mpaka yatoke safi kabisa bila kiputo, ndipo mhamie gurudumu jingine. Kwa kawaida huanzwa na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedali. Usiruhusu chupa ya juu ikauke hata mara moja, maana hewa ikiingia kwenye ABS kazi inakuwa nyingine.

Baada ya hapo ndipo pedi. Tafuta pedi zilizotengenezwa kwa matumizi ya barabarani na uwanjani pamoja, si za mashindano matupu, kwa sababu zile za mashindano hazishiki vizuri zikiwa baridi na wewe gari hili unaendea kazini. Mipira ya breki ya mbele na nyuma iangaliwe. Kwa gari ambalo lilianza kuuzwa Japani mwaka 1998 na kukoma mwaka 2005, mipira ya asili imeshazeeka. Ikiwa na nyufa, weka mipya, na ile iliyofumwa kwa waya wa chuma cha pua ni bora zaidi kwa kuwa haivimbi.

Mhandisi wa Area C

Fundi ameeleza breki kwa ukamilifu, nami ninaomba niongeze upande wa injini, hasa kwa sababu ya mahali tunapoishi.

Dodoma iko takribani mita 1,120 juu ya usawa wa bahari. Kwenye kimo hiki shinikizo la hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 12 likilinganishwa na Dar es Salaam, na mchana wa Oktoba au Novemba joto likipita nyuzi 30, hewa inakuwa nyepesi zaidi. Athi River iko juu zaidi ya hapa. Injini yako haina turbo, kwa hiyo hupokea hewa kidogo na hutoa nguvu kidogo. Zile nguvu za farasi 210 zilizoandikwa kwenye karatasi za Toyota, hapa kwetu huzipati zote, na hakuna eksozi itakayozirudisha. Lakini wengi husahau kwamba rejeta nayo hupozwa na hewa hiyohiyo nyepesi. Kila mita ya ujazo inayopita kwenye mapezi ya rejeta hubeba joto kidogo kuliko ingelibeba ukiwa pwani.

Jambo la pili ni maji yenyewe. Kwenye chombo kilicho wazi, maji hapa Dodoma huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Kinachozuia yasichemke ndani ya injini ni kifuniko cha rejeta. Kifuniko kizima chenye alama ya shinikizo ya 0.9 huruhusu maji yafike karibu na nyuzi 116 kabla ya kuchemka. Kifuniko ambacho springi yake imelegea au raba yake imekauka kinakurudisha karibu na zile 96, ambazo injini yoyote iliyokimbizwa huzifikia. Ni kifaa cha bei ndogo sana, na kwa maelezo yako ya maji kutokota kwenye tangi la akiba, ningekibadilisha kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

Angalia pia kama themostati ipo, ile vali inayofungua njia ya maji kwenda kwenye rejeta yakishapata joto. Ninasema hivi kwa uzito, kwa sababu gereji nyingi zina mazoea ya kuitoa kwa kuamini kwamba gari litapoa zaidi. Katika injini nyingi za Toyota, themostati inapofunguka hufunga pia njia ya mkato ambayo maji huitumia kurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, ile njia ya mkato inabaki wazi muda wote, na sehemu ya maji ya moto inazunguka ndani ya injini pasipo kupozwa hata kidogo. Barabarani hutaona tofauti, na pengine mshale utakaa chini kukufurahisha. Uwanjani ndipo litakapochemsha.

Kuhusu kilichomo ndani ya rejeta, maji ya visima vya huku yana chumvichumvi, na yakichemka mara kwa mara huacha ukoko mweupe kwenye mirija. Mimina kulanti (dawa ya kupozea injini) iliyochanganywa na maji yaliyosafishwa, nusu kwa nusu au maji yakizidi kidogo, na usiongeze ya bomba hata kama umeona kiwango kimepungua kidogo. Osha rejeta kwa nje pia, ukipitisha maji ya shinikizo la wastani kutoka upande wa injini kuelekea mbele, ili vumbi na wadudu watoke walikoingilia. Shinikizo kubwa hulaza mapezi. Kisha lala chini ya gari utazame kama ile plastiki ya chini ya bampa ipo. Magari mengi yanayopita njia zetu za vumbi yameshaipoteza, na bila hiyo hewa huchagua njia rahisi ya kuzunguka rejeta badala ya kupita katikati yake.

Kuhusu chujio la hewa la wazi, sikushauri. Likikaa bila kufunikwa chini ya boneti, huvuta hewa iliyopashwa na rejeta na injini, na kwa vumbi letu la miezi ya upepo, Julai hadi Oktoba, aina nyingi hupitisha chembe ambazo chujio la karatasi lingezizuia. Boksi la asili lenye chujio jipya la karatasi linatosha kabisa kwa injini yako.

JZ Mbezi

Ndugu yangu wa Ipagala, ninaheshimu ushauri uliotangulia, lakini ninaona tunazunguka. Altezza ni gari zuri lenye injini ndogo. Kwa milioni zako tatu na nyingine kidogo unaweza kuanza kutafuta injini ya 1JZ-GTE iliyotumika, ile ya lita 2.5 yenye turbo iliyotoka kiwandani na nguvu 280, ukamkabidhi fundi anayeelewa. Nguvu hiyo hutaipata kamwe kwenye 3S-GE, na tena injini ya turbo haisumbuliwi sana na kimo cha Dodoma kwa sababu turbo hujaza hewa inayopungua.

Mhandisi wa Area C

Ndugu wa Mbezi, umesema kweli kuhusu turbo kufidia kimo, na hapohapo ndipo penye ugumu. Injini ya turbo ikiwa huku juu huendelea kutengeneza nguvu zake karibu zote, na kwa hiyo joto lake karibu lote, lakini rejeta, intakula (kipozea hewa ya turbo) na kipozea oili vyote vinapozwa na hewa ile iliyopungua. Turbo yenyewe pia hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili kufikia shinikizo lilelile, na hewa inayotoka humo huwa ya moto zaidi. Gari ambalo leo linachemsha kwa nguvu 210 zisizotimia, ukilipa injini nzito zaidi puani na yenye nguvu 280, utahitaji rejeta kubwa, intakula, kipozea oili, breki kubwa na klachi mpya. Milioni tatu zitakwisha kabla gari halijawaka. Akitaka njia hiyo baadaye ni haki yake, ila swali lake ni la safari iliyo mbele yake.

JZ Mbezi

Nimekuelewa dada. Nakubali kwamba kwa bajeti na muda wake, si kazi ya sasa.

Fundi wa Nkuhungu

Nirudi kwenye taa ya oili, maana naona imepitwa na ndiyo inayoniogopesha kuliko yote.

Taa ile haikupi tahadhari ya mapema. Huwaka wakati shinikizo limeshashuka karibu na sifuri, na beringi za injini inayozunguka mara elfu sita kwa dakika hazihitaji muda mrefu kuharibika. Kwenye kona ndefu ya kushoto oili yote husukumwa upande wa kulia wa sampu (bakuli la oili chini ya injini), mdomo wa pampu ukabaki unavuta hewa. Kwa hiyo kabla ya kila mzunguko wa kuendesha, oili iwe kwenye alama ya juu ya kijiti, si katikati kama wengi wanavyoridhika nayo, wala isizidi alama, kwa kuwa ikizidi sana kranki shafti, mhimili mkuu wa injini, huipiga ikatoa povu.

Funga geji halisi ya shinikizo la oili na nyingine ya joto la oili. Kanuni ya zamani ya mafundi ni psi 10 (psi ni kipimo cha shinikizo) kwa kila mizunguko 1,000 ya injini, oili ikiwa moto. Ukiona pungufu kubwa, injini ifunguliwe itazamwe kabla ya mambo ya uwanja. Joto la oili likikaribia nyuzi 130, punguza mwendo urudi maegeshoni. Tumia oili ya sintetiki ya 5W-40 au 10W-40 kutoka kwa muuzaji unayemwamini, na uibadilishe mara tu baada ya siku ya uwanja bila kusubiri kilomita. Sampu ikishushwa, mwombe fundi achomelee vizuizi vya bati ndani yake vinavyozunguka mdomo wa pampu ili oili isikimbie yote kwa pamoja. Kazi hiyo inafanyika hapahapa Dodoma kwa fundi wa kuchomelea mwenye mkono mtulivu, mradi sampu isafishwe kabisa baadaye, kwa sababu punje moja ya chuma ikipanda na oili haina huruma. Na huo mkanda wa taimingi, kama hujui uliwekwa lini, hesabu kwamba umekwisha.

Kijana wa Ipagala

Asanteni sana wakubwa. Nimefanya sehemu ya kazi na ninaleta majibu.

Kifuniko cha rejeta kilikuwa kimechoka kama Mhandisi alivyohisi. Raba yake ilikuwa imepasuka pembeni, na nilipoibonyeza springi kwa kidole gumba ilikwenda chini bila kupinga. Themostati haikuwepo kabisa. Tulipofungua nyumba yake tulikuta gasketi peke yake, na ukoko mweupe umeshika kuta zote. Nimeweka themostati mpya, rejeta imetolewa na kuoshwa ndani na nje, na nimemimina kulanti. Plastiki ya chini nayo haikuwepo, kwa hiyo nimekatiwa bati jepesi la aluminiamu lenye umbo lake.

Breki tumetoa mafuta yote. Yalitoka meusi kwa muda mrefu, na kwenye kalipa za nyuma yalikuwa na tope. Nimetumia DOT 5.1. Tatizo ni pedi: katika maduka ya hapa nimeonyeshwa pakiti ambazo zina jina la kampuni kubwa lakini uchapaji wake una makosa ya herufi. Nifanyeje? Na je, matairi yangu ya 215/45R17 yenye kashata nzuri (yale meno ya juu ya tairi) yanafaa, ingawa niliyanunua yakiwa yametumika?

Dereva wa Njiro

Habari ya Ipagala. Mimi nipo Arusha, na nimeendesha uwanjani kwa miaka kadhaa, hivyo nitajibu yanayohusu matairi na siku yenyewe.

Pedi zenye mashaka zirudishe dukani bila kuona haya. Pedi bandia inaweza kubanduka kutoka kwenye bati lake ikipata joto, na ikibanduka unabaki na chuma kwa chuma. Ni afadhali uende na pedi za asili za Toyota zilizo mpya, ukaendesha mizunguko mifupi, kuliko uende na pakiti nzuri usiyoijua. Ukiagiza kupitia Dar es Salaam, muuzaji akutumie picha ya pedi yenyewe ubavuni na kwenye bati la nyuma, ambako namba na alama za mtengenezaji hugandamizwa, asikutumie ya boksi tu. Ukishazipata, zizoeshe diski: funga breki kwa nguvu ya wastani mara kadhaa kutoka mwendo wa kati bila kusimama kabisa, kisha endesha bila kugusa breki mpaka zipoe.

Kuhusu matairi, kashata peke yake haisemi kitu. Tafuta ubavuni alama ya DOT inayoishia na tarakimu nne: 2319, kwa mfano, maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira hukauka hata ukiwa umelala stoo, na jua la Dodoma halisaidii. Tairi la zamani lenye kashata nene ndilo linalomeguka vipande uwanjani, kwa sababu vile vidole virefu vya kashata hupinda, hupata joto kutoka ndani na kung’oka. Ikiwa yako yamevuka miaka sita, nunua mapya kabla ya kununua kitu kingine chochote cha kuongeza raha. Na kama matairi hayo yalishawahi kuzibwa pancha ubavuni, hayo hayaingii uwanjani hata yakiwa mapya.

Shinikizo la upepo lipime mwenyewe kwa geji moja unayoitumia siku zote. Tairi ukiliacha na psi 32 asubuhi, baada ya mizunguko michache ya nguvu unaweza kulikuta na 38 au zaidi, na hapo katikati ya tairi hutuna na mshiko kupungua. Unachokitafuta ni shinikizo la tairi likiwa moto. Kwa gari lako anza na shabaha ya psi 34 hadi 36 likiwa moto, punguza kidogo kidogo kila unaporudi maegeshoni, na uandike. Usisahau kuurudisha upepo kabla ya kuanza safari ya nyumbani. Nati za magurudumu zikazwe kwa spana yenye kipimo cha mkazo, Nm 103 kwa Toyota yako, na zirudiwe magurudumu yakishapoa.

Siku ya uwanja, mzunguko wa kwanza ni wa kupasha na wa mwisho ni wa kupoza. Katika huo wa mwisho usikanyage breki kwa nguvu, tumia gia. Ukiegesha usivute breki ya mkono, weka gia na kigingi nyuma ya tairi, kwa maana haifai breki ibane huku chuma kikiwa na joto kali. Fungua boneti, acha injini inguruke kidogo kabla ya kuzima. Mizunguko mitano au sita kisha mapumziko marefu inakutosha kwa kuanzia. Toa kila kitu ndani ya gari: jeki, tairi la akiba, chupa za maji, hata zulia la miguuni la dereva, ambalo likisogea chini ya pedali hutapata nafasi ya kuliondoa.

Kumbuka pia kwamba gari litasafiri kwa magurudumu yake. Kutoka Dodoma kupitia Kondoa, Babati na Makuyuni hadi Arusha, kisha Longido, Namanga, Kajiado na Kitengela, ni safari ndefu kabla hujaingia uwanjani, na kule Kolo na Bereku kuna kupanda na kona za kutosha kukuonyesha kama joto limetulia. Chukua Kadi ya Njano ya COMESA kwa ajili ya bima ya kuvuka mpaka, na usome masharti ya bima yako, kwani bima za kawaida za magari hazilipi uharibifu unaotokea katika mbio au mazoezi ya mbio.

Mkazi wa Nzuguni

Wakuu, nimesoma yote kwa makini kwa sababu nina Subaru Impreza WRX yenye matatizo yanayofanana na haya. Ninauliza jambo moja: kabla ya kwenda mbali hivyo, je, haiwezekani kujaribu gari alfajiri kwenye ile barabara ya mzunguko wa nje ya Dodoma, ambayo ni pana na kwa saa hizo haina magari mengi?

Fundi wa Nkuhungu

Ndugu yangu, hapana, na ninakuomba usifanye hivyo. Barabara ile ya kilomita 112 inapita kando ya vijiji. Alfajiri ndiyo saa ya mifugo kuvuka, ya wenye baiskeli za mkaa wasio na taa, na ya watoto wanaokwenda shule wakitembea pembeni. Kwa kilomita 140 kwa saa gari husogea karibu mita 39 kila sekunde, kwa hiyo ukimwona mtu, ukafikiri, ukahamisha mguu, umeshakula mita nyingi kabla breki hazijaanza kazi. Jaribio la joto halihitaji kasi ya namna hiyo. Panda mlima mrefu kwa gia ya chini, kwa mwendo halali, kiyoyozi kikiwa kimezimwa, ukisoma geji. Injini itafanya kazi ya kutosha kukuonyesha kama mfumo wa kupoza ni mzima.

Na kwa Subaru yako, kabla ya jaribio lolote, pima oili kila unapojaza mafuta. Injini za EJ zenye turbo zina sifa ya kula oili, na wengi hugundua kiwango kimeshuka wakati sauti ya beringi imeshaanza kusikika.

Kijana wa Ipagala

Nimepima matairi kama nilivyoelekezwa: mawili ya mbele ni ya mwaka 2016 na ya nyuma ni ya 2018. Nimeamua kununua manne mapya, na kwa hiyo kompyuta na eksozi zimetoka kwenye bajeti kabisa. Geji za oili zimefungwa. Injini ikiwa moto nilipata psi 42 kwenye mizunguko 4,000, na 14 ikiwa silensa, yaani inanguruma tu bila kukanyagwa mafuta. Sampu itashushwa Jumamosi kwa ajili ya vizuizi. Kuna kitu kingine cha kutazama gari likiwa juu?

Fundi wa Nkuhungu

Vipimo hivyo vinaridhisha. Sampu ikiwa chini, lisafishe chekecheke la mdomo wa pampu na utazame kama kuna vipande vya silikoni ya gasketi vilivyonasa, kwa maana fundi aliyetangulia akimimina silikoni nyingi, inayobaki huishia hapo na kuziba njia ya oili.

Shika kila gurudumu la mbele juu na chini ulitikise, kisha kushoto na kulia. Mchezo wa juu na chini mara nyingi ni boljointi au beringi, na wa pembeni ni tairodi. Tazama bushi za mikono ya chini kwa tochi. Zikiwa na nyufa zinazofika kwenye chuma zibadilishe, kisha gari liende alaimenti, si kabla. Shokapu zinazovuja mafuta nazo zisisubiri. Ukimaliza hayo yote, endesha gari kwa wiki moja ya kawaida ya kwenda kazini, ukague tena kiwango cha kulanti na cha oili injini ikiwa baridi, na ukaze nati zile mara ya mwisho usiku wa kuamkia safari. Tuletee vipimo vya joto la oili utakapotoka Athi River, pamoja na shinikizo la matairi yakiwa moto, ili wenye Altezza wengine wa huku juu wapate pa kuanzia.